Goti la Mama Mkwe

Goti la mama mkwe wangu sikuwahi kuliona kwa macho. Hata hivyo nililijua kuliko magoti yangu mawili, ambayo leo nayo yameanza kunisumbua. Lilikuwa la kulia. Lilivimba upande wa ndani, liligoma asubuhi mpaka liote moto, na likikunjwa lilitoa sauti kama maganda ya maharage makavu yanapokanyagwa. Yote hayo niliambiwa na mke wangu, kwa sababu mimi desturi ilinikataza hata kulitaja.

Kwetu, katika vilima vya Masisi, mtu na mama wa mke wake walikuwa hawazoeani. Mkikutana njiani, mmoja aliingia kwenye majani akageuza uso mpaka mwenzake apite. Hampeani mkono, hamli mkitazamana, na kiungo cha mwili wake, hata kidole, hukitaji. Wajukuu wangu hunicheka nikiwasimulia. Wao hukaa na mama wakwe zao kwenye mkeka mmoja na kunywa chai. Sawa. Lakini pia hugombana nao, jambo ambalo sisi halikutupata, maana utagombanaje na mtu usiyesema naye?

Kusema tulisema, ila kwa njia ya mbuzi. Mama mkwe alikuwa na mbuzi jike mweusi, sikio moja limechanika, aliyetoka katika mahari niliyotoa mimi mwenyewe. Nikifika na kuni nilisimama nje ya ua, naye akiwa ndani jikoni alimwambia mbuzi kwa sauti ya kunifikia:

"Mbuzi, mwambie ule muntu kuni zake za juzi zilikuwa mbichi. Nimelia moshi siku muzima."

Nami nilimjibu mbuzi: "Mbuzi, mwambie Mama nimesikia."

Mbuzi aliendelea kutafuna. Sijawahi kumwona mjumbe mwaminifu kama yule, wala hakuongeza neno.

Miaka ile ya sitini ilikuwa imeanza tu. Mama mkwe alikuwa mjane, akiishi juu kabisa kwenye mteremko wa Lushebere, karibu na shamba lake la maharage. Mimi na mke wangu, ambaye alikuwa na mimba ya kwanza, tuliishi chini huku upande wa Kingi, kwenye kipande cha ardhi tambarare kando ya kijito. Watoto wa mama mkwe walikuwa wawili tu. Mke wangu alikuwa mdogo. Mkubwa alikuwa kaka yake, aliyeondoka zamani kwenda msituni Walikale kufanya kazi kwa kampuni ya kuchimba madini. Alikuwa mtu mwema, mwenye sauti nene, na kila alipokuja likizo alileta chumvi na samaki wa moshi.

Goti lilijitangaza kanisani. Katika misa ya Noeli watu walipiga magoti, wakasimama, na mama mkwe akabaki chini. Waliokuwa karibu walidhani amezama katika sala, wakamwonea wivu. Padri akamaliza, watu wakaanza kutoka, yeye bado amepiga magoti, mikono imefumbatana, jasho linamtoka. Mwishowe akamnong'oneza mke wangu: "Niinue, miguu imekataa." Tangu siku hiyo alisali amesimama, na aliyemtazama vibaya aliambiwa kwamba Mungu naye anaona vizuri watu waliosimama.

Kupanda mlima aliweza. Ni kushuka kulikomtesa. Na pale alipoishi kila kitu kilikuwa chini: maji yalikuwa chini, kuni chini, soko chini, kanisa chini. Maharage yake aliyateremsha mwenyewe, kapu mgongoni, kamba kwenye paji la uso, kama walivyofanya mama zake wote. Kila hatua ya kushuka ilimwingia gotini.

Alianza kunywa dawa. Zamani za Wabelgiji ulipewa kidonge bure pamoja na matusi. Baada ya uhuru matusi yalipungua na bei ikapanda. Vidonge vyeupe vya aspirini vilitoka mbali, Goma au hospitali ya Kirotshe kule ziwani, na lori likikwama kwenye matope ya njiani basi hata vile vichache vilivyobaki dispansari, zahanati yetu ndogo, viligeuka kuwa vya dhahabu. Mwanzoni pakiti iliyofungwa kwenye kipande cha gazeti ilipatikana kwa makopo machache ya maharage. Msimu uliofuata makopo yaliongezeka. Halafu yakaongezeka tena. Mke wangu alikuwa akiyapeleka yeye, akirudi na uso umemshuka.

Siku moja nilikaa mlangoni nikalifikiri jambo lile mpaka kichwa kikaniuma. Maharage yalinunua dawa ya goti. Goti liliharibiwa na kuyateremsha maharage. Basi alikuwa analima ili aumwe, na anaumwa ili alime. Nilikasirika kama mtu aliyeibiwa na mwizi asiyeonekana.

Ndipo ulipokuja ujumbe kutoka Walikale kwa mdomo wa mchuuzi wa mawese. Shemeji yangu alikuwa amesikia habari za goti. Alisema mavuno yakiisha atakuja kumchukua mama yake moja kwa moja. Kambi ya kampuni ilikuwa mahali pa tambarare, na kampuni ilikuwa na dispansari yake, ambako mfanyakazi na wazazi wake walipewa dawa bila kulipa chochote.

Mke wangu aliposikia alikaa chini palepale alipokuwa amesimama. Walikale ni mwendo wa siku nyingi kwa miguu, mito na msitu, lori za kampuni hazikuchukua abiria, na mama mwenye goti lile angeingia huko akiwa amebebwa, asitoke tena. Mtoto wetu angezaliwa bila bibi wa kumpokea. "Nitazaa peke yangu kama kuku," mke wangu alisema. Na hatukuwa na njia nyingine, kwa sababu mjane huishi kwa mwanawe wa kiume. Kumleta mama mkwe kwangu Kingi, kwenye ua wangu, ambako angeniona nikila na ningemwona akiota jua, ilikuwa aibu isiyo na jina. Tulichoweza ni kulinyamazisha goti kwa vidonge mpaka mtoto azaliwe, tukimwomba Mungu shemeji achelewe.

Maharage yalikuwa yamekwisha. Mama mkwe akatoa kuku wake wa mayai, kuku mwekundu aliyempenda, na mke wangu akaongeza kopo la maharage tuliyokuwa tumeweka kwa mbegu. Lakini mke wangu hakuweza tena kutembea mwendo ule, mimba ilikuwa nzito. Ikabidi niende mimi.

Nilifika dispansari asubuhi, kuku kwapani. Benchi lilikuwa limejaa, na katikati ya benchi alikaa shangazi wa mke wangu, dada mkubwa wa marehemu baba mkwe. Alikuja na kikohozi chake. Mama huyu alikuwa na masikio ya sungura na mdomo wa kengele. Ukimwambia neno asubuhi, jioni lilikuwa limevuka mito.

Muganga, ndivyo tulivyomwita tabibu wa dispansari, alikuwa mtu wa miwani, mwenye haraka, aliyefundishwa kazi na masista. Alinitazama mimi, akamtazama kuku.

"Nani mugonjwa?"

Nilifungua mdomo. Nikaliona benchi lote linasikiliza, wote watu wa ukoo wa mama mkwe. Ningesema nini? Kwamba goti la mama mkwe wangu linamuuma? Nilitaje goti lake mbele ya wifi yake, kwa mdomo huu nilioapa nao kumheshimu? Afadhali kuvua nguo sokoni.

"Miye," nikasema.

"Inakuuma nini?"

"Goti."

Akaniketisha, akapandisha suruali yangu. "Inauma wakati gani?"

Hapo nilikuwa tayari, nilikuwa nimefundishwa na mke wangu kama katekisimu. "Wakati wa kushuka mulima. Kupanda haiumi sana. Asubuhi inakuwa nguvu kama kuni, mpaka niioteshe moto. Na inalia."

"Inalia?"

"Kama maganda ya maharagi."

Akalikunja, akalikunjua, akaliwekea sikio. Goti langu lilinyamaza kama mtoto aliyeshiba. Akalibonyeza huku na huku. Nikakumbuka kupiga kelele, lakini nikachelewa, nikapiga wakati ameshaondoa kidole.

"Kaka," akasema, "hii maneno unanisemea ni ya mama muzee. Lakini goti iko ya kijana." Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Ulifika Goma siku hizi?"

"Nilifika. Kuuza maharagi."

"Ukalala kule?"

"Nililala."

 Shangazi aliacha kukohoa.

Muganga akaniinamia na kuanza kunieleza, kwa sauti aliyodhani ni ya chini, kwamba kuna ugonjwa vijana wanaupata mjini wakilala pasipotakiwa, na ugonjwa huo hujificha, halafu hutokea magotini. "Usipate haya. Ndio maisha. Iko na dawa yake, penisilini."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na mimi nilikuwa nimefika mwisho wa yangu. Nilikuwa na mambo mawili ya kuchagua: kulitaja goti la mama mkwe mbele ya ukoo wake, au kushusha suruali. Nikashusha suruali.

Sindano ile ilikuwa ndefu na dawa yake ilikuwa nzito, ikaingia polepole kama asali ya baridi. Kulipa, mwanamke wa kupika pale dispansari alikuja akamchukua kuku kwa miguu, na kopo la maharage likamiminwa kwenye gunia lao. Penisilini ilikuwa ghali kushinda aspirini, muganga alinieleza, na nishukuru kwamba amenihurumia. Nikamwomba basi vidonge kidogo tu vyeupe, vya maumivu. Akaniuliza nalipa na nini. Mkono mtupu haulambwi. Nikaondoka nikichechemea, na sasa nilichechemea kweli.

Habari ilinitangulia nyumbani. Sijui shangazi alipita njia gani na kikohozi kile. Nilimkuta mke wangu amekaa kizingitini, mikono juu ya tumbo.

"Goma ulilala wapi?"

Nilimweleza yote, tangu benchi mpaka sindano.  Midomo yake ikaanza kutetemeka, nikajua analia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, mpaka nikaogopa atamzaa mtoto pale pale. Halafu kicheko kikageuka machozi.

"Na dawa ya Mama iko wapi?"

"Iko mu mwili yangu," nikasema. Nilitamani kupigana na mtu, lakini hapakuwa na mtu wa kupigana naye.

Kesho yake nilipeleka kuni Lushebere. Kuni kavu. Nilisimama nje ya ua nikiomba ardhi inimeze. Kisha sauti ikatoka:

"Mbuzi, ulisikia habari? Kuku yangu ya mayai ilishuka dispansari, ikageuka sindano, ikaingia mu matako ya muntu."

Mbuzi alitafuna.

"Muulize ule muntu: goti yangu iko inaendelea namna gani?"

Nilitua kuni chini.  Ndipo nikamsikia anacheka. Tangu nimuoe binti yake sikuwa nimewahi kumsikia akicheka. Kilikuwa kicheko kikubwa, cha mwanamke mnene, kilichoanzia chini na kupanda. Aliponyamaza alikohoa kidogo, na sauti iliyofuata ilikuwa nyingine.

"Mbuzi, mwambie aksanti. Alibeba haya yangu mbele ya bantu."

Nilishuka mlima ule nikiwa mwepesi kama mtu aliyetoka kuungama. Lakini kushukuriwa hakukuondoa maumivu ya mama yule, na mavuno yalikuwa yanakaribia.

Aliyerudi dispansari alikuwa shangazi mwenyewe. Mke wangu alikuwa amemweleza ukweli, na shangazi, aliyekuwa ameshanitangaza mgonjwa wa zinaa kutoka Lushebere hadi soko la Masisi, aliona aibu. Alikuwa na domo, lakini hakuwa na roho mbaya. Alinikamata mkono, "Twende, leo nitasema mimi," na mbele ya benchi lile lile, limejaa vile vile, akamwambia muganga: "Papa, huyu hakuwa mugonjwa. Goti iko ya mama mukwe wake. Yeye hana ruhusa ya kuitaja. Miye naweza, juu ni muke wa kaka yangu."

Muganga alinitazama. Alicheka mpaka akaweka miwani mezani. Benchi lote likacheka, na mimi, baada ya kununa kidogo, nikacheka pia.

"Maji yakimwagika hayazoleki," alisema akifuta macho. "Ile sindano siwezi kuitoa." Akafungua kabati, akafunga vidonge vyeupe kwenye gazeti, akanipa. "Hii haina bei. Ni juu ya kunichekesha. Tangu lori zikwame sijacheka."

Halafu akakaa na kutueleza, bila haraka safari hii. Goti la mama si gonjwa la kupona. Limechakaa. "Jembe ikilima miaka mingi mudomo yake inaisha. Hakuna dawa ya kuirudisha." Vidonge vinatuliza tu, na asivinywe bila kula maana vitamla tumbo. Atembee, asikae kitako siku nzima, lakini asibebe mzigo kwenye mteremko. "Mukisema mutanunua vidonge kila mwezi, mutauza mpaka shamba. Dawa yake ya kwanza ni pahali pa tambarare. Vidonge, kwa siku mubaya tu."

Tulirudi, mimi na shangazi. Tambarare zilikuwa mbili tu tulizozijua. Moja ilikuwa Walikale. Nyingine ilikuwa ua wangu, na ua wangu ulikuwa umefungwa na desturi.

Shemeji alikuja maharage yalipokwisha kuanikwa. Alikuja na vijana wawili na kipoyi, kile kitanda cha mianzi cha kubebea wagonjwa mabegani. Kilipowekwa nje ya ua wa mama yake, mke wangu alikitazama kama watu wanavyotazama jeneza. Tulikusanyika juu kule Lushebere, chini ya paa la jiko: shemeji, shangazi, mke wangu, wazee wawili wa ukoo. Mimi nilikaa pembeni, nimempa mama mkwe mgongo kama ilivyotakiwa. Mbuzi alikuwa kati yetu.

Shemeji alisema vizuri, na ndilo lililoniuma. Hakuja kunyang'anya. Alisema anamwona mama yake anateseka. Alisema kule kuna tambarare, kuna dawa kila siku na hazilipwi, hapa dawa inakula kuku na mbegu. "Nani hapa atanunua dawa yake kila mwezi? Aseme." 

 Nilikuwa na jembe, kijito na mke mwenye mimba. Nilisikia mke wangu anapumua kwa shida nyuma yangu.

Shangazi akakohoa. Alikohoa kwa muda, kama fundi anayenoa.

"Mwanangu," akamwambia shemeji, "unataka kubeba goti. Lakini goti iko na mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Miye nilikuwa ku benchi. Muganga aliuliza: nani mugonjwa? Huyu akasema: miye. Akaulizwa goti ya nani inauma, akatoa yake. Akavumilia sindano. Akavumilia mudomo yangu, na mudomo yangu inashinda sindano. Muntu anayechukua ugonjwa wa mama mbele ya mashahidi, huyo haiko mukwe tena. Iko mutoto. Na mama anaweza kukaa kwa mutoto wake."

Wazee wakatazamana. Mmoja alisema, taratibu, kwamba ile haya ya mama na mkwe huweza kuondolewa, babu zetu waliwahi kufanya hivyo, ila haiondoki bure. Hulipwa kuku.

"Kuku ilikwisha kulipwa," shangazi akasema.

"Kuku ilikuwa ya Mama!" shemeji akasema.

"Na sindano ilikuwa ya nani?"

Mzee mmoja akaanza kucheka ndani ya ndevu zake.  Shemeji akarudia neno lake lile lile, kwa upole sasa: na dawa?

Wakati huo nikasikia kigoda kinasogea. Nikasikia mtu mzito anainuka kwa shida, na hatua mbili zinazokokotwa. Mbuzi akapisha. Mama mkwe alikuwa amekuja upande ambao uso wangu ulitazama, na kwa kuwa sikupewa nafasi ya kugeuka, nikamwona. Alikuwa na macho ya mke wangu. Hilo sikuwa nalijua.

"Wee," akaniambia. Mimi, si mbuzi. "Goti ni ya nani?"

"Ni yangu, Mama."

"Na kama vidonge vikikosa?"

"Goti itabaki yangu, Mama. Tutaiotesha moto."

Akaitikia kwa kichwa, akamgeukia mwanawe. "Ulisikia. Mwanangu, Mungu akubariki kwa kipoyi. Lakini kule kwenu watu wanakula mihogo na mvua. Nitafia hapa kwenye maharagi yangu, na mujukuu wangu mu mikono."

Namshukuru shemeji mpaka leo, kwani angeweza kukasirika. Alinitazama akasema kwa ile sauti yake nene: "Basi, ndugu, umenishinda kwa matako." Watu wakaangua kicheko. Na kila lori la kampuni lililotoka Walikale tangu siku hiyo, ikiwa barabara ilipitika, dereva alishusha kifurushi kidogo chenye vidonge vyeupe alivyotupatia shemeji kule kwa jina la mama yake. Lori lisipokuja tulinunua. Tulinunua kwa maharage, kwa ndizi, mara moja kwa koti langu la harusi, na sikumbuki kulililia koti hilo. Alivinywa siku mbaya tu, kama muganga alivyosema, na baada ya kula.

Aliishi nasi Kingi. Tulimjengea nyumba ndogo pale kwenye tambarare, mlango unatazama kijito, na maji akayachota mwenyewe bila kushuka popote. Alimpokea mtoto wetu wa kwanza na waliomfuata. Alikaa kwenye kigoda akipura maharage kwa fimbo, mguu wa kulia umenyooshwa juani, akitoa amri kwa ua mzima. Tuligombana pia, sitaficha, maana sasa tulikuwa tunasema. Alisema kuni zangu ni mbichi. Zilikuwa kavu. Muganga yule, shangazi yule, shemeji, wote wamekwisha kutangulia, na kila Novemba tukiombea marehemu mimi huwataja wote, na kuku huwa namtaja kimoyomoyo.

Lakini ninachokikumbuka kuliko vyote ni siku ile ile, baraza lilipokwisha. Vijana walileta kipoyi ili wamteremshe mpaka Kingi. Akakikataa. Kipoyi ni cha maiti na wanawake wenye uchungu wa kuzaa, alisema, yeye si mmoja wao. Mke wangu hakuweza kumshika kwa sababu ya tumbo. Akasimama pale mlima unapoanza kuteremka, mahali palipomtesa miaka yote ile, akatazama chini, akatazama watu. Halafu akaniita nitangulie mbele yake, na akaweka mkono wake begani kwangu.

Ulikuwa mkono mzito, wenye joto, mgumu kwa jembe. Sikuthubutu kugeuka. Tulishuka hivyo, mimi nikitafuta mahali pa kukanyaga, yeye akikanyaga nilipotoka, na uzito wake wote wa kushuka ukaja kwangu. Nyuma yetu mbuzi alifuata bila kutumwa neno. Na pale penye mawe, kila alipokunja mguu, nikalisikia goti lenyewe kwa mara ya kwanza. Lilikuwa linalia kama maganda ya maharage, kweli kabisa, kama nilivyomwambia muganga.